Kila Nyumba na Dawa Yake

Dirma,
9 Machi 2025

Dada Marieta,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini baridi ya Mbulu haijakuzidi na cherehani yako inaenda. Sisi hapa Dirma tu wazima. Wifi yako Sara anakusalimia, na anasema ile sare uliyomshonea Imakulata imeanza kubana, maana mtoto anarefuka kama mtama. Mvua zimeanza vizuri, mahindi yametoka, mbaazi bado. Ng'ombe wawili wamezaa, wote ndama jike, na jirani yetu Gidabuday ameshakuja kuwatazama kwa jicho la kutaka mmoja.

Sasa habari ya baba. Wiki iliyopita alishika jembe, nikamkataza, akaniuliza kama shamba nilinunua au alinipa yeye. Akalima mistari miwili, wa tatu akajikata ugokoni. Si pakubwa sana, lakini damu ilitoka na udongo ukaingia. Nikampeleka zahanati. Wakamsafisha, wakampa vidonge vya rangi mbili, wakasema ameze mpaka viishe, hata akijiona amepona.

Kidonda kimeanza kukauka, na mzee naye ameshasema zamu yake ya kukaa huku imeisha. Anataka kuja kwako kuona vitunguu saumu. Unajua tangu mama afariki yeye ndiye anayesema zamu inaanza lini na inaisha lini, sisi ni kupokea tu. Nimemwomba angoje amalize dawa, akaniuliza kama dawa haijui njia ya Mbulu.

Atapanda gari Jumatano na barua hii anayo mwenyewe. Vidonge vilivyobaki nimemfungia kwenye mfuko wa koti. Msimamie avimalize.

Mdogo wako,
Gidion


Mbulu,
24 Machi 2025

Mdogo wangu Gidion,

Marahaba, na milele amina. Umefanya vizuri kuandika. Kwenye simu wewe unasimama juu ya kile kilima chenu cha mtandao, upepo unavuma, unaniitikia "sawa dada" na unakata. Kwenye karatasi angalau unamaliza sentensi. Mimi mzima. Nina oda ya sare za shule moja ya huku bondeni, kola zimenichosha macho. Ukungu haujaondoka tangu Ijumaa na nguo hazikauki.

Baba alifika Jumatano jioni, mguu umevimba kwa kukaa garini, koti limejaa vumbi la Hanang. Nikamfungua kidonda nikakitazama. Nikatazama na hivyo vidonge vyako. Gidion, rangi mbili? Hivyo si ndivyo tulivyokuwa tunapewa shuleni kwa kila kitu, kikohozi, jipu, tumbo, hata kwa kutomaliza hesabu? Sikufichi, nilichukia kidogo. Watu wa jumuiya wanaingia kumsalimia mzee na kila mmoja anauliza, "Marieta, umempa nini?" Nijibu nini? Kwamba anameza alichokuja nacho kutoka Dirma, kana kwamba kwangu hakuna duka la dawa wala mtu wa kumjali? Mzazi akifika kwako unampikia chakula chako, humpashii kiporo cha nyumba nyingine.

Kwa hiyo nilishuka mjini nikamwambia muuzaji anipe kitu kikali. Akanipa sipro. Akaniuliza mgonjwa anatumia dawa gani sasa hivi, nikamwambia hatumii kitu, maana nilishaziondoa. Na siku chache tu uvimbe ukashuka, baba akaanza kutembea mpaka kwenye vitunguu na kuniambia nimevipanda kwa kubanana. Vile vidonge vyako sikuvitupa, nilimpa jirani yangu Mary, jino lilikuwa linamtesa.

Halafu tumbo likamvuruga baba, akagoma kumeza. Kidonda kilikuwa kimefunga kwa juu, nikaona si vibaya apumzike na dawa. Sasa ameanza kuulizia ndama zako. Anasema baridi ya kwangu inaingia kwenye mfupa. Yaani zamu yangu mwaka huu ni wiki mbili, na mimi nimeshanuna lakini yeye haoni. Atarudi kwako Jumamosi.

Sipro zilizobaki nimemfungia kwenye leso. Kidonda kikifunguka mpe hizo, usirudi kwenye hizo rangi mbili zenu. Msalimie Sara. Mwambie sare nyingine ya Imakulata nitaikata kwa kuachia upindo mpana.

Dada yako,
Marieta


Dirma,
16 Aprili 2025

Dada Marieta,

Shikamoo. Tunaingia Pasaka na mvua nyingi kuliko tulizoomba. Korongo limejaa, padre hakuweza kufika Jumapili ya Matawi, tulisali wenyewe kwa katekista. Mahindi ya bondeni yamelala. Ndama mmoja alipata uvimbe kwenye goti, tukamhangaikia, sasa ananyonya vizuri. Yule mwingine yuko salama. Gidabuday amesema malisho ya upande wa Hirbadaw ni mazuri mwaka huu, nafikiri kupeleka ng'ombe huko baada ya palizi.

Baba yupo. Mguu unaendelea. Kulikuwa na joto kidogo, tukampa zile sipro zako, zilikuwa chache, zikaisha. Baadaye amechomwa sindano, akalala vizuri.

Sara ameanza kukoboa mahindi ya sikukuu. Imakulata yuko darasa la tatu na mwalimu anamsifu kwa mwandiko.

Dada, wewe umeuguza watu wengi kuliko mimi, nieleze kitu. Kidonda kikiwa kinapona, ngozi yake inang'aa? Na joto, je, ni kawaida mkono kulisikia kabla haujagusa? Nauliza tu.

Pasaka njema.

Mdogo wako,
Gidion


Mbulu,
26 Aprili 2025

Gidion,

Marahaba. Pasaka tumeila salama, nilikuwa na wageni, nitakuhadithia siku nyingine.

Barua yako imenifikia jana ikiwa imelowa, kondakta anasema ililala kwenye buti la gari siku zote ambazo barabara ilikatika. Nimeisoma mara tatu. Ndama ana mistari mitano. Baba ana mistari miwili. Nani amemchoma sindano? Sindano gani? Zahanati gani hiyo iliyofunguliwa wakati korongo limejaa? Nimekupigia simu mpaka nimezoeana na yule mama anayesema namba haipatikani.

Na hapana, ngozi inayong'aa na joto linalosikika kabla ya kugusa si kupona. Unajua si kupona, ndiyo maana umeuliza.

Sasa nisikilize, nina habari inayonikosesha amani. Unamkumbuka Mary niliyempa vidonge vyako? Jino lilitulia siku mbili, akaacha, likarudi, akameza vitatu, akaacha. Wiki ya Pasaka shavu lilivimba mpaka jicho likafumba. Nikamsindikiza hospitali. Daktari, kijana tu, akamuuliza ametumia nini. Mary akaninyooshea kidole pale pale mbele ya watu.

Nilijitetea. Nikamwambia dawa ni dawa, hata mzazi wangu nilimtolea zile nikampa nyingine kali akapata nafuu. Yule kijana akaacha kuandika. Akaniambia, "Mama, hapo ulipomkatisha moja katikati ukampa nyingine, ukaikatisha na hiyo, umeua wale wadudu dhaifu tu. Wakali wamebaki. Wameshaijua dawa, na wanazaana wao kwa wao. Huo ndio usugu. Siku mgonjwa akizidiwa kweli, dawa inapita mwilini kama maji."

Nikamuuliza mbona hata madaktari hubadilisha dawa. Akasema hubadilisha, ndiyo, lakini kwa kupima na kwa sababu, siyo kwa sababu mgonjwa amehama nyumba. Sikuwa nimemwambia habari ya kuhama nyumba, Gidion. Alisema tu, kama mfano.

Nimerudi nyumbani nimeshindwa kushona. Naogopa. Nakuandikia wazi kwamba naogopa, ili nawe uniandikie wazi. Mpeleke baba hospitali, au mlete kwangu nimpeleke mimi. Usimpe kitu kingine hata kama nilikufungia mimi mwenyewe. Na unijibu haraka, jibu la baba peke yake, ng'ombe watasubiri.

Marieta


Dirma,
18 Mei 2025

Dada Marieta,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Barabara imefunguliwa wiki hii tu, na kabla ya hapo kulikuwa na palizi, na watu wa kunisaidia hawapatikani, kila mtu yuko kwake. Sara alikuwa na malaria, amepona. Ng'ombe sikuwapeleka Hirbadaw, nimeona nikae karibu.

Baba hataki hospitali. Ndugu wa jirani yetu Gidabuday alikwenda na kidonda cha mguu akarudi na mguu mmoja, na baba alikuwapo siku anashuka kwenye gari. Tangu siku hiyo ukitaja hospitali anageukia ukutani. Siwezi kumbeba mzee kwa nguvu, dada, ni baba yangu. Anakula, siyo sana. Anapenda uji. Sara anamwosha kidonda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, na Imakulata ndiye anayemshikia babu beseni na kumkausha kwa kitambaa. Wamekuwa marafiki sana hao wawili, babu anamfundisha majina ya ng'ombe wote wa zamani.

Sindano ni za kawaida, amechomwa na mtu anayejua kuchoma. Harufu ipo, lakini vidonda vyote vina harufu.

Usije. Barabara bado mbaya na wewe una oda za watu. Nitakuandikia nikiona kuna haja.

Mdogo wako,
Gidion

[Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine:]

Shikamoo wifi. Amenipa barua nimpelekee Gervasi wa bodaboda, nimeifungua. Ni dawa ya ng'ombe. Anamchoma yeye mwenyewe. Jana baba aliniita kwa jina la mama yenu. Njoo siku ya mnada, yeye hatakuwepo. Sara.


Mbulu,
30 Mei 2025

Gidion,

Najua ulirudi kutoka mnadani ukakuta kitanda cha baba kitupu. Kama umemgombeza mtu hapo nyumbani, acha. Nilikuja kwa hiari yangu na kwa akili zangu, na gari nililipata kwa Gerald wa parokia, ambaye hamjui mtu yeyote huko kwenu. Sara alinipa chai, kwa sababu mgeni hupewa chai. Basi.

Sitakuelezea harufu iliyokuwa ndani ya gari, maana unaijua. Baba alikuwa anaongea na mama njia nzima. Tulipoanza kupanda mlima, baridi ikaingia, akili zikamrudia. Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo. Akasema, "Marieta, usiwaache wanikate." Nikamwambia hawatakukata baba. Sijui ni nani aliyenituma kusema hivyo.

Hospitali walichukua usaha kidogo wakaupeleka maabara, wakasema wataufuga waone ni wadudu gani na dawa gani inawaua. Tukasubiri. Majibu yalipotoka daktari aliniita pembeni akaanza kunisomea jina moja moja, polepole, kama mtu anayesoma majina ya waliofeli. Rangi mbili, hawaiogopi. Na mimi kichwani nikasema, hiyo ni ya Gidion. Sipro, hawaiogopi. Nikasema, hiyo ni yangu. Akaendelea, nyingine nisizozijua, hawaiogopi, hawaiogopi. Imebaki moja ambayo bado inawatisha, inaingia kwa dripu polepole, na si kila siku inapatikana. Ndiyo anayopewa sasa.

Kisha akaniuliza, kuna dawa nyingine amepewa? Nikamwambia kuna ya ng'ombe. Nilidhani atacheka, au atanifokea. Hakufanya yote mawili. Akauliza ipi, kiasi gani, kwa muda gani, kwa sababu figo za baba hazifanyi kazi vizuri na anataka kujua chanzo kabla ya kuongeza dripu. Hayo majibu mimi sina. Ninyi huko mnayo, na wewe peke yako ndiye utakayeyaandika.

Sijui kama unanielewa ninavyokuandikia. Sijakasirika. Ningekuwa nimekasirika ningelala. Kila asubuhi nikifika wodini nasimama kwanza mlangoni natazama kama blanketi linapanda na kushuka, ndipo naingia.

Andika leo. Sitaki habari za mahindi.

Marieta


Dirma,
6 Juni 2025

Dada,

Shikamoo.

Ni oksitetra, ile ya chupa ya kahawia, kali, wanayosema ya asilimia ishirini. Nilimchoma pajani. Nilianza na kipimo cha ndama. Baadaye nikaongeza, kwa sababu hata ndama siku hizi kipimo kimoja hakimwinui. Gidabuday naye anasema ng'ombe wake wamegoma kupona kwa dawa hiyo, nikaona ni ya kuongeza tu. Nilimchoma tangu wiki moja kabla ya Pasaka mpaka ulipokuja kumchukua, siyo kila siku, kila homa ilipopanda. Mweleze daktari hivyo.

Baba ndiye aliyeomba. Alisema, "Marieta ana dawa zake za mjini, na wewe una zako, na zako nimeziona zinavyoinua ng'ombe aliyelala." Dada, nilifurahi aliposema vile. Wewe siku zote ndiye unayejua, na mimi ni wa huku porini. Siku hiyo mzee alichagua yangu. Mguu ulipozidi sikuweza tena kukuandikia, kila nikishika kalamu naona utakavyosoma, Gidion anamtibu mzazi kama ndama.

Sasa hilo silo lililonifanya nimtume Gervasi kwa pikipiki moja kwa moja mpaka kwako. Jana nilipanda kilimani nikakupigia. Ulipokea, nikasikia sauti yako, nikashindwa. Nikauliza habari za baba, ukasema anaendelea, nikakata. Kwa hiyo naandika.

Imakulata ana jipu. Liko kwenye mkono, juu ya kiwiko, upande ule aliokuwa anauegemeza kwenye beseni. Lilianza kama kipele, akalikuna. Leo ni gumu, linang'aa, na joto lake nalisikia kabla sijagusa. Ni joto lile lile, dada, mkono wangu unalikumbuka. Hajalala vizuri. Anauliza babu anarudi lini wamalizie majina ya ng'ombe.

Sara ameletewa vidonge na jirani, rangi mbili, vimebaki kwa mtoto wake. Na ile chupa iko juu ya kabati, imebaki nusu. Nimekaa hapa kati ya vitu viwili hivyo tangu asubuhi. Mtoto analia, na mimi mikono yangu inajua la kufanya, imezoea. Nimeikunja. Sijampa kitu. Sijui kama kutompa kitu ndiko kumsaidia au ndiko kumuua.

Niambie nimpe nini. Gervasi nimemwambia asiondoke kwako bila jibu.

Gidion


Mbulu,
7 Juni 2025

Gidion,

Gervasi yuko getini anakunywa chai baada ya baridi na mwendo wa usiku. Naandikia kwenye benchi la wodi. Umefanya vizuri kutompa kitu. Soma tena hapo ikibidi. Umefanya vizuri.

Nimempelekea daktari maneno yako yote, ya chupa na ya mtoto. Ya chupa aliyaandika. Nilipofika kwa mtoto, akaweka kalamu chini. Akaniuliza nani alikuwa anaosha kidonda cha mzee na kwa kitambaa gani. Nikamwambia. Amesema wadudu hawa hupita kwa mikono, kwa beseni, kwa taulo, kwa ngozi iliyokwaruzika, na wakihamia kwa mtu mwingine wanahama na ujuzi wao wote, hawaanzi upya. Baba yuko chumba cha peke yake sasa. Wauguzi wanaingia na glavu, na mimi nimenawa mikono mpaka ngozi imepasuka.

Amesema pia, na nakuandikia kama alivyosema ili usife moyo njiani, kwamba huenda si wadudu wale. Majipu ya watoto yapo tu. Huenda likapasuliwa, likasafishwa, likaisha. Hajui mpaka apime. Lakini kama ni wale, dawa ni ile ile moja iliyobaki, na ndiyo anayotumia baba, na nimesikia wauguzi wakiulizana chupa zimebaki ngapi stoo.

Sasa la baba. Na mimi juzi kwenye simu nilishindwa, siyo wewe peke yako. Nilikwambia anaendelea. Alikuwa ametoka chumba cha upasuaji asubuhi ile. Wamekata chini ya goti. Walisema wakingoja sumu itapanda na hatutakuwa tunazungumzia mguu tena. Karatasi ya kukubali niliitia sahihi mimi, na kalamu sikuangusha. Alipoamka alipapasa blanketi kwa mkono, akafika pale panapoishia, akaacha mkono wake hapo. Akanitazama. Tangu hapo hajaniita kwa jina langu wala la mama. Anakunywa uji nikimpa, anageukia ukutani. Homa haijashuka yote.

Kwa hiyo fanya hivi. Panda na Imakulata leo, wewe na yeye na Gervasi, au tafuta gari kama mvua imerudi. Mfunge mkono kwa kitambaa safi, usiliminye hilo jipu, na Sara asilale naye. Beseni lile na vile vitambaa visiguswe na mtu, tutauliza la kuvifanyia. Vidonge vya jirani mrudishie, na mwambie asimpe mtu mwingine. Chupa iache juu ya kabati, usije nayo, usiimwage, toka tu. Njiani mpe maji. Akilia mwache alie, mwimbie.

Nitakuwa getini. Na kuna jambo moja la mwisho, lishike kuliko yote. Mkobani mwangu kuna sipro, mpya, sijaifungua. Niliinunua jana jioni nikitoka wodini, hata kabla Gervasi hajafika, na sijui niliinunulia nani. Miguu ilinipeleka dukani yenyewe. Mimi ninajijua. Nikimwona huyo mtoto amebebwa, mkono umevimba, analia, nitataka awe amepokea kitu kutoka kwangu kabla hajafika kwa daktari. Nikikupa, usipokee. Hata nikikuambia ni daktari ameniagiza, usipokee.

Dada yako,
Marieta